Kizibo Chenye Sura ya Mama

Volvo ya kijani ilipita taa nyekundu bila kupunguza mwendo.

"Katuona," alisema Sajini Lukyan, mguu wake ukizama kwenye mafuta.

"Hajatuona. Ana haraka ya kwenda kwao tu," alijibu Kapteni Faina Rodionovna Tyulenina. "Acha magari mawili katikati yetu."

Kwa nje gari lao lilikuwa Zhiguli ya kijivu, kama Zhiguli nyingine yoyote ya Leningrad. Ndani ya boneti ilinguruma injini ya Volga, gari kubwa zaidi. Chini ya kiti cha Faina palikuwa na redio ya masafa mawili, na kwapani mwake bastola aina ya Makarov.

Mbele yao ilikuwa barabara ya Vyborg. Mbele ya Vyborg, mpaka wa nchi.

Aliyekuwa ndani ya Volvo aliitwa Hessling, mfanyabiashara wa picha kutoka ng'ambo. Chini ya kiti chake cha nyuma kulikuwa na tangi la pili ambalo halijawahi kuonja petroli. Lilijaa turubai za picha zilizoviringishwa kama mikeka. Kazi ya maisha ya mtu mmoja.

Redio ilikwaruza.

"Korongo, hapa Mnara. Hali?"

"Mzigo uko mbele yangu, unaelekea mpakani."

"Mfuate. Usimguse. Namtaka pale kizuizini, mikono yake ikiwa ndani ya tangi na mpiga picha wetu akiwa tayari. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Komredi Kanali."

Mnara alikuwa Kanali Avenir Lvovich Protasov, mkuu wake katika Idara ya usalama wa taifa. Kanali alipenda kesi safi kama vile watu wengine wanavyopenda shati lililopigwa pasi.

"Faina Rodionovna," alisema Lukyan, "hivi hizo picha zina nini hasa? Niliiona moja, ile ya foleni ya mkate. Watu wote wana nyuso za chuma. Nikasema, huyu wa tatu si mama mkwe wangu kweli? Kachorwa bila hata kuombwa ruhusa!"

"Basi ulimtambua."

"Nilimtambua, ndiyo."

"Ndicho walichomfukuzia chuoni. Watu walijitambua."

 Vifuta kioo viliendelea kusukuma theluji kushoto na kulia.

Faina alimjua Gleb Savvich Nikonorov kuliko alivyowajua ndugu zake mwenyewe. Kwa majira matatu ya baridi alikuwa amekaa na vipokea sauti masikioni, akimsikiliza kupitia chombo kilichofichwa ndani ya simu yake. Mchoraji alijua kwamba anasikilizwa. Kila siku aliporudi kutoka zamu ya usiku alisalimia simu kwanza.

"Habari ya asubuhi, komredi usiye na jina. Nimeunguza uji tena. Hili pia liandike."

Kisha alikuwa akizungumza peke yake huku akisaga rangi. Ndivyo Faina alivyojua kwamba alizaliwa kijijini, mkoa wa Vologda. Kwamba mama yake, Agrafena, aliziba dohani mapema usiku mmoja wa baridi kali ili joto lisitoroke, wakati makaa bado yalikuwa na miali ya buluu juu yake. Moshi ule hauna rangi wala harufu ya kumwamsha mtu. Asubuhi mama hakuamka. Gleb aliamka kwa sababu alilala sakafuni, karibu na ufa wa mlango, ulioingiza hewa ya nje.

Kutoka hapo, nyumba ya mayatima. Kutoka nyumba ya mayatima, chuo cha sanaa, maana mkono wake haukuweza kufichika. Chuoni alitakiwa kuchora wafanyakazi wanaotabasamu. Akachora wafanyakazi waliochoka. Wakamfukuza. Chama cha wachoraji kikamfungia mlango, na mchoraji asiye na chama hana ukumbi, hana hata duka la kumuuzia rangi nzuri. Ili asishtakiwe kwa uzururaji akapata kazi ya kuchochea moto kwenye chumba cha mitambo ya joto. Usiku makaa, mchana rangi. Alionyesha picha zake kwenye vyumba vya marafiki, watu wakipanda ngazi wawili wawili ili majirani wasihesabu viatu.

Mara moja tu yeye na wenzake walithubutu kuzionyesha nje, kwenye kiwanja kitupu. Matrekta yalikuja. Magari ya maji yalikuja. Gleb Savvich alisimama mbele ya trekta akiwa ameshika picha yake kifuani kama mtu anayeshika mtoto.

Faina alikuwa pale, amevaa koti la raia. Hakufanya lolote. Ile picha iliyokunjika chini ya tairi bado ilimtembelea usingizini.

Mwaka huu rafiki mmoja, Vadim Shubin, alimshawishi mchoraji atoe kazi zake zote. "Zitaonwa, Glebushka! Ng'ambo kuna ukumbi, kuna taa, kuna watu wanaolipa ili watazame tu." Shubin alikuwa mchuuzi wa jinzi na sahani za muziki, mtu wa kati wa kila kitu. Gleb Savvich akakubali. Hakutaka kingine duniani ila zionwe.

Wiki iliyopita, Idara ilinasa maneno ya Hessling hotelini akizungumza na Shubin huyo huyo.

"Mchoraji aliye hai ni bomba linalovuja," Hessling alikuwa amesema. "Kila siku anamwaga picha nyingine sokoni. Aliyekufa amefunga bomba. Hapo ndipo bei huanza kupanda."

 Glasi ziligongana.

Faina aliyapeleka maneno hayo kwa Kanali. Kanali aliyasoma akiwa amesimama. "Maneno ya walevi," alisema, akaendelea na chai yake.

Redio ilikwaruza tena. Sauti ya mwanamke mtu mzima, nzito kwa sigara.

"Korongo, hapa Sikio."

Huyo alikuwa Rimma Osipovna, msikilizaji wa zamu, aliyeketi makao makuu, upande wa pili wa mji.

"Sema, Rimma Osipovna."

"Mchoraji amelala tangu arudi kazini. Shubin alikuwa naye, ametoka sasa hivi. Amefunga mlango kwa ufunguo."

"Kingine?"

"Hamna. Aliongeza makaa jikoni, kisha kabla ya kutoka akaziba dohani. Nimesikia chuma kikisugua tofali. Basi."

Faina aliganda.

"Rudia."

"Chuma. Juu ya tofali. Kizibo cha dohani, mwanangu, nimekulia kwenye nyumba ya jiko, naujua mlio wake."

"Jiko lile halina kizibo."



Halina kizibo, kwa sababu Gleb Savvich alikiondoa siku ya kwanza alipohamia. Kile chuma cha mviringo, kikubwa kama sahani ya pilau, alikitoboa tundu kwa juu, akakitundika kwenye msumari, akachora juu yake uso wa mama yake. Jiko lake halikuzibwa tena. Alitetemeka kila alfajiri ya baridi na kuiambia simu, "Tunaganda, komredi, lakini tunaamka."

Sasa kizibo kilikuwa kimerudishwa mahali pake.

"Rimma Osipovna, piga namba sifuri-tatu. Ita gari la wagonjwa—"

"Hakuna atakayepiga!" Sauti ya Mnara ilikata katikati. "Sikio, toka hewani. Korongo, endelea na mzigo."

"Komredi Kanali, mtu anauawa."

"Mtu amelala karibu na jiko bovu. Yatokea kila majira ya baridi. Kesho tutakuwa na mlanguzi wa kigeni na muuaji wa kigeni, wote wawili kwa bei ya mlevi mmoja."

"Hanywi. Ana miaka sita hajanywa."

"Korongo. Mfuate. Huyo. Mgeni. Ni amri."

Faina alitazama Volvo. Alitazama kioo cha nyuma. Nyumba ya mchoraji ilikuwa nyumba ya mbao iliyongoja kubomolewa, pembezoni mwa kaskazini ya mji. Walikuwa wameipita muda si mrefu.

"Lukyan. Mkaribie."

"Kanali amesema—"

"Nina masikio. Mkaribie!"

Injini ya Volga ilinguruma ndani ya ngozi ya Zhiguli. Gari la kwanza likabaki nyuma. La pili. Faina aliteremsha kioo, na baridi ikaingia kama kofi. Akatoa mkono nje.

Risasi ya kwanza ilipiga lami.

Ya pili ilipiga tairi.

Volvo ilizunguka mara moja, taratibu, kama mcheza dansi aliyelewa, kisha ikazama kwenye tuta la theluji hadi milangoni. Hessling alitoka kupitia dirishani, kofia imemshukia machoni, akipiga kelele kwa lugha yake.

"Korongo! Mbona hujibu? Unafanya nini?"

"Mzigo umepata pancha, Komredi Kanali. Kituo cha polisi wa barabara kipo pale kwenye kona, wameshaanza kukimbia. Waambie watazame tangi la pili."

Akazima redio.

"Geuza," alimwambia Lukyan.

Lukyan aligeuza gari katikati ya barabara ya Vyborg, malori yakimpigia honi. Alikuwa mweupe kama karatasi.

"Nina watoto, Faina Rodionovna."

"Utasema nilikuelekezea bastola."

"Kwani si umeielekeza?"

Alitazama mkononi. Kweli, bado alikuwa ameishika, na mdomo wake ulielekea upande wa dereva. Akairudisha kwapani.

"Sasa nitaapa bila dhambi," Lukyan alisema, akakanyaga mafuta mpaka chini.

Alasiri ilikuwa tayari imeanza kuwa jioni. Nyumba ilikuwa peke yake nyuma ya uzio ulioinama. Hakuna taa. Na juu ya paa, pale ambapo dohani ilipaswa kutoa moshi, palitoka uzi mmoja tu, mwembamba kama wa sindano.

Kufuli jipya. Faina alilipiga risasi, akaupiga mlango teke.

Joto lilimpokea. Joto tamu, la kubembeleza, kama shuka lililoanikwa juani. Ndivyo kinavyokuja kifo hiki. Akavuta kola ya sweta puani, akabana pumzi, akaingia.

Kuta zilikuwa tupu. Misumari tu.

Gleb Savvich alikuwa kitandani, ndevu zake zikiwa juu, mashavu mekundu kama ya mtu aliyesikia mzaha. Faina alimshika kwapani, akamburuta. Visigino vyake viligonga sakafu. Lukyan alimpokea mlangoni, wakamlaza kwenye theluji.

"Anapumua?"

"Sijui! Sijui!"

"Fungua kola. Msugue uso kwa theluji. Mpulizie, Lukyan!"

"Mimi? Mdomoni?"

"Mpulizie!"

Lukyan alipiga magoti, baba wa watoto wanne, akampulizia.

Faina alirudi ndani. Akavunja kioo cha dirisha kwa kiti. Kisha akafungua kijilango cha dohani na kuingiza mkono uliovaa glavu ya ngozi. Chuma kilikuwa cha moto. Akakitoa, akakibeba hadi nje penye mwanga uliobaki.

Mama Agrafena alimtazama. Uso wa mwanamke wa kijijini, mpana, uliochoka, usiomlaumu mtu. Kichwani kitambaa cha buluu.

Kila mwaka, Jumamosi ya kuwakumbuka wazazi, Gleb Savvich hakwenda makaburini, maana kaburi la mama lilikuwa mbali. Alikaa na kile chuma mapajani na kukipaka upya kitambaa, rangi nene, ya mafuta mengi, isiyokauka upesi. "Wenzangu wanapeleka mayai na chapati makaburini," aliiambia simu. "Mimi namnunulia mama kitambaa kipya." Jumamosi hiyo ilikuwa juzi juzi tu.

Na sasa, katikati ya buluu ile mbichi, palikuwa na alama za vidole vitatu. Zimezama wazi, kila mstari wa ngozi ukionekana. Joto la dohani lilikuwa limeanza kuzikausha.

Juu, lile tundu la msumari. Ndilo lililopitisha ule uzi wa moshi.

Theluji ilinung'unika chini ya viatu. Mtu alikuwa anaingia getini, amebeba mfuko wa wavu wenye chupa za vodka.

Vadim Shubin alisimama. Aliona gari. Aliona mwili. Akazidondosha chupa, akapiga kelele kama mfiwa.

"Glebushka! Ndugu yangu! Nilitoka kidogo tu! Si nilikwambia usizibe jiko, mlevi wewe, si nilikwambia!"

"Hizo chupa za nani, Vadim?" Faina aliuliza.

"Zake! Ameniagiza. Wewe nani?"

"Hanywi."

"Alianza tena leo. Msongo wa mawazo, unajua wasanii—"

"Ulitaka kuzimwaga kando ya kitanda. Polisi waje, wanuse, waandike 'mlevi', waende zao." Akapiga hatua. "Vua glavu."

"Kuna baridi, mpenzi."

"Mimi si mpenzi wako. Vua."

Shubin alitabasamu. Alikuwa na tabasamu zuri, lile lililouza jinzi nusu ya mji. Akaanza kuvua glavu ya kulia, pole pole, kidole kwa kidole, kisha ghafla akamrushia usoni. Akainama, akaokota shingo ya chupa iliyovunjika, akamjia.

Faina hakutoa bastola. Alisogea nusu hatua, akaukamata mkono unaopita, akaupinda. Mfupa ulilia. Shubin akaanguka kifudifudi juu ya vioo na vodka.

Vidole vyake vitatu vilikuwa vya buluu.

"Mle ndani kulikuwa na giza," alilia. "Nilidhani imekauka! Picha gani isiyokauka?"

"Ya mama," Faina alisema, akamfunga pingu.

Nyuma yake Lukyan alipiga ukelele. Gleb Savvich alikuwa amekohoa.

Kisha kilisikika king'ora. Si cha polisi. Gari la wagonjwa liligeuka kwenye kona, na daktari akaruka kabla halijasimama.

"Nani ameita?" Faina aliuliza.

"Bibi mmoja. Amepiga simu akinong'ona, nikadhani yuko kanisani."

Rimma Osipovna. Alitoka hewani, akaenda kwenye simu ya korido.

Kanali Protasov alifika kwenye Volga nyeusi wakati machela inapandishwa. Hakuvaa kofia. Alitazama machela, pingu, vioo vya chupa. Kisha akanyoosha mkono.

"Hicho chuma. Nipe."

"Sina."

"Faina Rodionovna. Wewe si mtoto. Mgeni ana marafiki wakubwa. Serikali mbili zitaongea, atakwenda kwao. Tungekuwa na maiti, tungeongea tukiwa na nguvu. Umetuachia nini? Mchoraji mzima na kesi ya pancha."

"Na muuaji mmoja."

"Bila hicho chuma hana kesi."

"Daktari amekichukua pamoja na mgonjwa. Kimeandikwa kwenye fomu yake ya sumu ya moshi: kitu kilichoziba dohani. Mwendesha mashtaka wa wilaya anakingoja hospitalini. Nilimpigia kwa simu ya mchoraji, na Rimma Osipovna amenasa kila neno. Ukikipoteza sasa, Komredi Kanali, utakuwa umekipoteza mbele ya mashahidi."

 Theluji ilitua kwenye nywele za Kanali.

"Kitambulisho," alisema.

Faina alitoa kile kijitabu chekundu. Akatoa na Makarov, baada ya kuitoa risasi kwanza, kama inavyopasa.

Mengine yalikwenda kama yanavyokwenda katika nchi hii. Hessling alifukuzwa nchini na hakufungwa. Shubin alifungwa. Rimma Osipovna alistaafishwa bila maua. Picha zilizotolewa kwenye tangi ziliwekwa mbele ya kamati ya wataalamu, na wataalamu, kwa kutaka kumdhalilisha mchoraji, wakaipiga kila moja muhuri mgongoni: HAINA THAMANI YA KISANAA.

Hawakufikiri zaidi ya muhuri. Kisicho na thamani si hazina ya taifa. Kisicho hazina ya taifa hakina sababu ya kuzuiwa. Faina, raia wa kawaida sasa, alimwandikia mchoraji ombi la mistari miwili la kurudishiwa picha zake, na zote zikarudishwa kwenye lori la kubebea viazi.

Kesi ya Shubin ilipokuwa bado inasikilizwa, Faina alimkuta mchoraji hospitalini, karibu na dirisha. Gleb Savvich alikuwa amekonda. Mkono wake wa kulia ulitetemeka juu ya blanketi, mtetemo mdogo usiokoma. Madaktari walisema huenda ukabaki hivyo. Moshi hukopa kitu hata ukikurudisha.

"Keti," alisema bila kugeuka. "Wewe ni nani?"

"Habari ya asubuhi. Uji umeungua tena?"

Aligeuka. Macho yake yakajaa machozi polepole.

"Komredi usiye na jina," alisema. "Nilidhani una masharubu."

"Wengi hudhani."

"Miaka yote hiyo ulikuwa unasikiliza."

"Nilikuwa nasikiliza. Na siku ya matrekta nilikuwepo. Nilisimama tu."

Mchoraji hakusema amemsamehe, wala hakusema hajamsamehe. Alishika mkono unaotetemeka kwa ule mwingine.

"Mama yuko wapi? Msumarini hayupo, wameniambia."

"Yuko mahakamani, Gleb Savvich. Anatoa ushahidi."

Alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikageuka kitu kingine, akageukia ukuta.

"Kile kitambaa," alisema baadaye. "Vidole vya Vadim. Wakikirudisha nitavifuta."

"Kwa mkono huo?"

"Nitajifunza wa kushoto. Wa kulia umefanya kazi vya kutosha, umekula makaa na rangi. Wacha upumzike." Akauficha chini ya blanketi. "Buluu ya namna ile haipatikani madukani. Ukiiona mahali…"

"Nitaitafuta."

Faina alifunga koti, akashuka ngazi, akatoka nje.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na Zhiguli ya kijivu, injini ikinguruma kwa sauti isiyo ya Zhiguli. Wanaume wawili ndani, wamejikunja kwa baridi, vioo vyote vimefungwa na ukungu. Walikuwa wageni kazini. Mmoja alijificha nyuma ya gazeti alilolishika juu chini.

Faina alivuka barabara, akagonga kioo.

Kilishuka kidogo. Jicho moja lilimtazama kwa hofu.

"Leo nitakwenda sokoni, kisha maktaba, kisha nyumbani," alisema. "Mtakaa sana. Mkiacha injini inawaka, msifunge vioo vyote. Acheni ufa."

"Kwa nini, Kapteni?" jicho liliuliza, kabla ya kujikumbuka.

"Kwa sababu nataka mwamke."

Akainua kola yake, akaenda zake kwenye theluji, bila kuharakisha, bila kugeuka nyuma.

Baada ya hatua chache alisikia kioo kikishuka kidogo zaidi.